Hivi DSP (kuchakata mawimbi kama sauti kwa hesabu za kompyuta) imekufa? Na hiyo 62.5 Hz kwenye mzinga ni ya nani?

"Shikamoo kaka. Niko mwaka wa nne uhandisi wa elektroniki, projekti yangu ya mwisho ni kifaa cha kusikiliza mzinga wa nyuki ili mfugaji ajue kama kundi liko sawa au linajiandaa kuhama. Natumia ESP32, ile kompyuta ndogo ya chipu moja, na maiki ya analogi ya bei rahisi, mzinga uko nyuma ya nyumba ya mjomba Tabora, nimevuta waya wa umeme kutoka sebuleni. Nimeipanga isubiri maikrosekunde 125 kila ikisoma ili nipate sampuli 8000 kwa sekunde, afu nafanya FFT (hesabu ya kupasua sauti uone ina frikwensi zipi) ya pointi 1024. Kwenye grafu naona kilele kikubwa 62.5 Hz, kingine 125 na kingine kidogo 187.5, vipo muda wote. Nimeuliza kwenye foramu ya DSP, leo siku ya 19 hamna aliyejibu. Kundi lingine la zamani nimekuta posti za mwisho ni matangazo ya dawa za kupunguza unene. Chatboti imeniambia huo ndo mvumo wa nyuki, ikanipa filta ya kupitisha 50 mpaka 200 tu. Msimamizi wangu anasema DSP ni mambo ya zamani, nihamie AI. Hivi hii fani imekufa? Na kama haijafa, watu wake wako wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Pole na hizo siku 19, naijua ile hali ya kufungua simu kila saa kuangalia kama kuna aliyejibu afu unakuta uko wewe na swali lako tu. Umeniuliza vitu viwili kwa mpigo, kimoja cha mzinga na kingine cha watu, na naona hicho cha watu ndo kimekukaa rohoni zaidi, ila nianze na mzinga kwa sababu jibu lake limo humohumo kwenye swali lako, umelibeba bila kujua.

Huyo wa 62.5 siyo nyuki. Huyo ni umeme wa ukutani.

Najua utanibishia kwamba umeme wetu ni 50 na siyo 62.5, na hapo uko sahihi, ila tulia kidogo tuangalie hivyo vilele: 62.5, 125, 187.5. Yani moja, mbili, tatu, kila kimoja kinaongezeka kwa 62.5 ileile. Kitu kinachotoa frikwensi ya msingi na nyingine za mara mbili na mara tatu yake, na kimeganda palepale muda wote, nyuki wawe wametulia au wamechachamaa, kwangu mimi hicho hakina roho, ni mashine. Nyuki hawagandi hivyo, mvumo wao unapanda na kushuka kufuata joto, saa ya siku na hali ya kundi. Na ukishaniambia umevuta waya kutoka sebuleni basi mtuhumiwa wa kwanza ni umeme wenyewe, ambao unakuja na 50, 100 na 150. Sasa gawanya. 62.5 kwa 50 ni 1.25, 125 kwa 100 ni 1.25, 187.5 kwa 150 ni 1.25 tena. Grafu yako nzima imevutwa kama mpira kwa mara 1.25, maana yake kasi yako ya kweli siyo sampuli 8000 kwa sekunde, ni 8000 gawanya kwa 1.25, yani 6400.

Imekuaje? Umeiambia ESP32 isubiri maikrosekunde 125 kila ikisoma na ukaamini sampuli zitapishana kwa 125. Kumbe kusoma nako kunakula muda. Sampuli 6400 kwa sekunde ni moja kila maikrosekunde 156.25, toa 125 zako za kusubiri zinabaki 31 na ushee, hizo zimeliwa na kule kusoma, kuhifadhi namba na lupu kurudi juu. Ni kama dereva wa daladala anakwambia kituo mpaka kituo ni dakika tano, na kweli ni tano, ila hajahesabu muda wa abiria kushuka na konda kugombania chenji.

(Mtu akiwa Marekani akaona 62.5 angeruka haraka kusema ni umeme wao wa 60, na angejiona mjanja kwa sababu visanduku vya FFT yako, yani ngazi za frikwensi inazoweza kuonyesha, vina upana wa karibu 7.8 Hz, kwa hiyo 60 ingeangukia kweli kwenye kisanduku cha 62.5. Ila sasa 120 yake ingetokea 117, siyo 125. Ndo maana nimeangalia vilele vyote vitatu kabla ya kufungua mdomo, kilele kimoja kinaweza kukudanganya, ila vitatu kupatana uongo ni kazi.)

Usiniamini mimi, jaribu. Kwanza chomoa waya, washa kifaa kwa pawabenki, kiweke mbali na ukuta, uone hivyo vilele vitatu vitaenda wapi. Vikifa au vikinywea sana basi kesi imeisha. Pili, weka kwenye simu programu yoyote ya kutoa toni, piga 440 Hz karibu na maiki. Kama kasi yako kweli ni 6400, grafu inayoamini 8000 itakuonyesha kilele kwenye 546.9. Jibu kamili lilitakiwa liwe 550 ila visanduku vyako haviangukii pale. Ukiona karibu 437 au 445 basi kasi yako iko sawa na mimi nimekosea.

Kutibu: usitumie kusubiri, tumia taima ya ndani ya chipu iite kusoma kila baada ya maikrosekunde 125 kamili, au bora zaidi achana na hiyo maiki ya analogi uchukue ya kidijitali ya I2S (inayotuma sauti ikiwa tayari namba) kama INMP441, ile inapigiwa saa na chipu yenyewe kwa hiyo mambo ya lupu kuchelewa hayaigusi, na ile ADC ya ndani ya ESP32 (sehemu inayogeuza umeme wa maiki kuwa namba) yenye kelele na kupinda unakua umeiruka. Kama hela hamna baki na uliyonayo ila zima Wi-Fi wakati wa kusoma.

Sasa uone ile filta ya chatboti ilivyokua kichekesho. Kupitisha 50 mpaka 200, yani ingelinda ule muungurumo wa umeme vizuri kabisa, wote watatu ndani, na ingewafukuza nyuki, maana mvumo wa mzinga nguvu yake kubwa iko kwenye mamia ya hertz kupanda, na malkia wachanga wakianza kuitana wanasikika kwenye 400 hivi. Ungeenda kwenye utetezi na kifaa kinachopima kama TANESCO wapo.

Kuna kitu kingine hujaniuliza ila nisipokwambia kitakuuma huko mbele. Sampuli 6400 zinaweza kubeba frikwensi mpaka nusu yake tu, 3200. Kinachozidi hapo hakipotei, kinajikunja kurudi chini na kuvaa sura ya mwingine, ndo ile wanayoita aliasi. Huko Tabora kwenye miombo kuna wale nyenje wa mitini wanaopiga kelele jua likiwa kali, tuseme mmoja analia kwenye 5000 Hz, kwenye data yako ataingia kama 1400, kwa sababu 6400 toa 5000. Na akishaingia hamna filta ya kwenye programu itakayomtoa, kwa sababu kwa namba zenyewe hatofautiani na sauti ya 1400 ya kweli. Kumtoa ni kabla ya ADC, kwa rezista na kapasita. Rezista ya kilo-ohm 10 na kapasita ya nanofaradi 10 zinaanza kukata kwenye 1600 hivi, ila nikuambie ukweli hatua moja ya namna hiyo inampunguza yule wa 5000 kama mara tatu tu, kwa hiyo weka mbili au ongeza kasi ya sampuli. Maiki ya I2S nayo hii kazi inajifanyia ndani, sababu nyingine ya kuihamia.

Haya, watu.

Nimetumia dakika kama kumi kuona hilo la 1.25, na siyo kwamba nina akili sana, ni kwamba na mimi nilishafanyiwa hivyohivyo. Mwaka 2004 nilikua nahangaika na filta kwenye chipu ya DSP, sauti inatoka na mkwaruzo mbaya, nimekagua hesabu wiki mbili sioni kosa. Nikawa naandika swali kwenye daftari nyumbani, naenda intaneti kafe Kariakoo na mia tano yangu, naliandika haraka kwenye kundi la comp.dsp, afu narudi kesho yake na disketi kukusanya majibu. Jibu la kwanza lilikua la mstari mmoja na nusu, kutoka kwa mzee fulani wa Marekani ambaye sijawahi kumuona mpaka leo: jumla yako inazidi 32767 inageuka hasi, gawanya kwa mbili kabla ya kujumlisha. Alijuaje? Kwa sababu nilikua nimetaja, kwa bahati tu, kwamba mkwaruzo unatokea sauti ikiwa kubwa. Namba ya biti 16 yenye alama mwisho wake juu ni 32767, ukiongeza moja juu yake inarukia upande wa pili kabisa wa hasi. Akajitokeza mwingine akamsahihisha yule wa kwanza kuhusu kugawanya kwa mbili, wakabishana siku nne, mimi nikiwa nimekaa pembeni nakula elimu bure.

Hicho ndo unachokitafuta na hukikuti, na sitakudanganya, kwa sura ile kimepungua sana. Ila sababu zake siyo ile moja unayoihofia.

Kundi kama comp.dsp lilikua linakaa kwenye Usenet, mtandao wa majadiliano uliobuniwa 1979 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, kabla hata ya hizi kurasa za wavuti. Hauna mwenyewe, hauna admini mkuu, seva zinapokezana posti tu. Uzuri wake huo na ubaya wake huohuo. Google ilinunua kumbukumbu zake 2001 na kuziingiza kwenye Google Groups, watu wengi wakawa wanaingilia mlango huo, mimi mmojawapo, na matapeli wa matangazo nao wakaujua mlango. Zile dawa za unene ulizokuta ndo hizo. Mwisho Google wakasema basi, tarehe 22 Februari 2024 wakazima uwezo wa kuposti na kupokea vipya vya Usenet kupitia kwao, wakabakiza vya zamani visomeke. Kwa hiyo ulivyofika ukakuta posti za mwisho ni takataka, hukukuta maiti ya fani, ulikuta kama soko lililohama, mwenye mlango mkubwa kaufunga na uchafu wa siku ya mwisho hajaufagia mtu.

Magrupu ya Yahoo nayo hivyohivyo, watu wa redio za kompyuta walikua wamejazana kule, 2019 ikazuiwa kupandisha vitu vipya na Desemba 2020 ikafungwa moja kwa moja, na mengi yaliyokua yameandikwa yakaenda nayo. Hiyo iliniuma kuliko ya Google.

Sababu ya pili watu hawaisemi sana kwa sababu haina huzuni. Maswali mengi yameshajibiwa. Mtu anayetengeneza kurasa za wavuti kila mwaka vitu vinabadilika chini ya miguu yake, lazima aulize upya. Sisi FFT ya Cooley na Tukey ni ya 1965, kanuni ya nusu ya kasi ya sampuli iliandikwa na Shannon 1949 na kabla yake wapo wengine, na jibu zuri la 2012 kuhusu kubuni filta ni zuri leo na litakua zuri 2050. Kwa hiyo mtu mwenye swali la kawaida anatafuta, anakuta, anasoma, anaondoka bila kuandika neno. Ukihesabu posti unaona kimya, ila ukihesabu wanaosoma ni habari nyingine. Tena kuna fomula za filta za EQ (za kupandisha na kushusha besi na sauti nyembamba) alizokua amezikusanya Robert Bristow-Johnson kwenye faili la maandishi tu, likazunguka miaka na miaka kwenye makundi haya watu wakipeana mkono kwa mkono, 2021 W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, wakalichapisha rasmi, na filta za sauti zilizomo kwenye vivinjari tunavyotumia zinafuata fomula hizohizo. Kundi likinyamaza baada ya kuacha kitu kama hicho mimi siwezi kuliita limeshindwa.

Ya tatu ni vifaa. Texas Instruments walipotoa TMS32010 mwanzoni mwa miaka ya 80, kufanya DSP ilikua ni kununua chipu maalumu, kuandika lugha ya mashine, kuhesabu biti moja moja zisifurike, yani kila hatua ilikua swali. Leo hicho kitu kimo ndani ya chipu za kawaida kabisa, Cortex-M4 imekuja na maagizo ya DSP tangu 2010, laibrari ni za bure, kwenye Python filta ni mistari miwili. Wanaofanya DSP wameongezeka ila wengi wao hawajui kama wanafanya DSP, kwa hiyo hawaji kwenye makundi ya DSP, wanaenda kwenye makundi ya drone, ya sauti, ya redio, ya vifaa vya hospitali.

Ya nne ndo inanikera mimi. Waliobaki na hamu ya kuongea wamehamia vyumba vya ndani, Discord, Telegram, magrupu ya WhatsApp. Kule kuna uhai, jibu unapata baada ya dakika tano, lakini jibu lenyewe linazama na gumzo la jioni, kesho halitafutiki, na mtoto wa Tabora hawezi kulikuta miaka kumi baadaye kama mimi nilivyokua nayakuta ya wenzangu. Afu 30 Novemba 2022 ikaja ChatGPT na wengine wakafuata, watu wakaanza kuulizia chumbani peke yao. Utafiti uliotoka 2024 kwenye jarida la PNAS Nexus uliangalia Stack Overflow, tovuti ya maswali ya watengeneza programu, ukalinganisha na tovuti za namna hiyo za Urusi na China ambako ChatGPT ilikua haifikiki kirahisi, ukakuta shughuli zimeshuka kama asilimia 25 ndani ya miezi sita. Hiyo ni ya programu kwa ujumla, siyo DSP peke yake, ila upepo ni huohuo.

Na siwatukani chatboti, nazitumia kila siku. Ukiiuliza fomula ya filta itakupa, mara nyingi sahihi. Shida yake umeiona mwenyewe: umekuja umeshaamini ni nyuki, nayo ikaamini na wewe. Haikukuuliza umeme unatoka wapi. Yule mzee wa comp.dsp kabla ya kukujibu angekuuliza "nani kakwambia kasi yako ni 8000?" kwa ukali kidogo, na ungekasirika, na ungepona. Afu ikikosea ikiwa na wewe peke yako hamna wa pembeni wa kuidaka, tofauti na pale ambapo watu kumi wanapita wanasoma. Ukiitumia basi ilazimishe, iambie "nitajie sababu tano zinazoweza kuleta vilele hivi mbali na nyuki". Hapo inaamka.

Sasa kufa kwa fani. Simu uliyotumia kuniandikia, kama ilikua kwenye 4G, ilikua inapokea alama 14 kila milisekunde moja, na kila alama inafunguliwa kwa FFT, kwenye chaneli ya megahertz 20 kawaida ni ya pointi 2048. Yani FFT elfu 14 kwa sekunde, mfululizo, ili meseji yako itoke Tabora. Ungenitumia noti ya sauti WhatsApp ingebanwa na kodeki ya Opus, DSP tupu. Fani iliyokufa haifanyi hivyo. Ilichofanya ni kuzama chini kama bomba la maji, hulioni mpaka lipasuke.

Kuhusu msimamizi wako, usimbishie, ana nusu ya ukweli. Kazi zenye tangazo linaloandika "DSP" peke yake kwetu huku ni za kuhesabika, nisikupambe, na AI ndo inayowekewa hela sahivi. Ila muulize kwa heshima, huo mfumo wa AI wa nyuki utalishwa nini? Chukua Whisper, ile ya kugeuza sauti kuwa maandishi iliyotoka 2022, watu wanaiita AI na ni AI kweli, lakini kabla neti (ule mtandao wa neva unaojifunza) haijaona chochote sauti inashushwa mpaka sampuli 16000 kwa sekunde, inakatwa vipande vya milisekunde 25 vinavyopishana kwa 10, kila kipande kinapigwa FFT na kukusanywa kwenye bendi 80 za kipimo cha mel, kinachofuata sikio la binadamu linavyosikia. Hayo yote ni somo ulilosoma mwaka wa tatu. Sasa fikiria ungechukua data yako hii, yenye kasi ya uongo na umeme ndani, ukafundishia neti: mizinga ya karibu na nyumba ina muungurumo, ya porini haina. Neti ingejifunza kutambua sebule ya mjomba kwa asilimia 99, mngefurahi wote wawili, siku ya kwenda porini inakua kituko. Kwa hiyo mimi nakushauri usihame, ongeza. Projekti yako iwe na nusu ya kusafisha mawimbi na nusu ya kufundisha modeli ndogo, msimamizi ataridhika na wewe utakua mmoja wa wachache wanaojua nini kimeingia kwenye neti. Hasara yake ni muda, mwaka wa nne ni mfupi, kwa hiyo kama imebaki miezi miwili acha modeli, maliza kipimo safi kwanza.

Watu wako wapi basi. Wa maswali ya hesabu na filta wengi wako Signal Processing ya Stack Exchange, ipo tangu 2011, wakali, watakufungia swali kama halieleweki, ila wanajua. DSPRelated bado ina wazee wa enzi zile. Wa redio wako kwenye orodha ya barua pepe ya GNU Radio, ile programu ya bure ya redio za kompyuta, na chumba chao cha gumzo cha Matrix. Wa sauti na plagini (viongezo vya programu za muziki) wako kwenye foramu ya KVR. Na usiwadharau watu wa redio za ridhaa, klabu zao zipo Kenya na Tanzania, wale hawajui maneno makubwa ila ukiwaambia una muungurumo watacheka na kukuuliza umechomeka wapi.

Ila na swali lako nalo lilikua na shida, vumilia nikwambie. Nimeenda kulitafuta kule ulikoliweka, kichwa chake kinasema msaada wa haraka, kuondoa kelele sauti ya nyuki kwa FFT, na ndani hamna kasi ya sampuli, hamna vile vilele vitatu, hamna waya wa sebuleni. Hayo yote umeniletea mimi, kule hukuyaweka. Nani angejibu? Mimi mwenyewe ningepita. Liandike upya hivi: umetumia chipu gani na maiki gani, umesomaje, unategemea kasi gani na umeithibitishaje, umeona vilele kwenye namba zipi, umeme unatoka wapi, umejaribu nini kikagoma. Weka picha ya grafu na faili la sekunde kumi za data ghafi ili mtu aicheze mwenyewe, wale watu ukiwapa data ni kama umemrushia paka dagaa. Toa neno haraka. Haraka ni yako, siyo ya kwao. Na ukipata jibu, hata kama ni hili langu, rudi pale uliandike chini ya swali lako kwa Kiingereza chako hichohicho, maana kuna mwingine atakuja na 62.5 yake.

Yapo ambayo mimi wala foramu hatuwezi kuyaona. Kama ukishatumia pawabenki muungurumo ukabaki, nenda maabara ya chuo umkute fundi wa maabara, siyo lekchara, fundi, mwambie akuwekee osiloskopu kwenye pini ya maiki. Dakika tano za macho yake zinashinda kurasa tatu zangu, inawezekana ni waya wa ardhi umelegea tu. Usifungue chaja wala kupima upande wa ukutani mwenyewe, volti 230 hazina mjadala. Na siku ukitamani kutumia saketi hiihii kupima moyo wa mtu, wanafunzi wengi huwa wanahamia huko, simama kwanza, tafuta mhandisi wa vifaa tiba kabla hujabandika waya kwenye kifua cha binadamu ukiwa umechomeka kifaa ukutani. Kwa upande wa nyuki, usisogeze mzinga peke yako kisa unatafuta kona isiyo na kelele, mtafute mrina asali wa hapohapo mwenye moshi na nguo zake, nyuki wa kwetu hawajui kama ni projekti. Tena yule muulize maswali, anajua kwa sikio tu kundi linalotaka kuhama linavumaje, rekodi anachokuonyesha na uandike tarehe na saa, data yenye maneno ya mrina pembeni itakufaa kuliko filta yoyote.

Anza na ile toni ya 440 leo jioni kabla hujagusa kitu kingine, niandikie umeona namba gani. Ikija 546.9 tunaendelea na taima, ikija nyingine nitumie hiyo namba pamoja na picha ya jinsi ulivyounga nyaya, nitakua nimekosea sehemu na itabidi tuanze upya.